Mashine Yenu Haijui Kusahau

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu, kisha zipunguze mwenyewe kulingana na ulivyonikosea. Mimi ni mzima. Magoti yananisumbua, lakini macho bado yanasoma gazeti lako lote, mpaka yale matangazo madogo ya mabati.

Usiucheke mwandiko. Shule niliishia pale uvumilivu wa mwalimu ulipoishia. Kusoma nimejifunzia kazini. Nilikuwa dobi, na nguo za watu nilikuwa nazifunga kwenye magazeti ya zamani. Mwenye nguo akichelewa kuja kuchukua, mimi nakaa chini nasoma mzigo wake. Kwa hiyo gazeti nalijua ndani na nje, na najua pia lina kazi gani nyingine likishindwa hii ya kusomwa.

Nakuandikia kuhusu yule kijana wako wa ukurasa wa mitambo. Mwezi uliopita aliandika habari za lile gemu la zamani la mtu mdogo anayeruka mapaa ya nyumba akiwa na mzigo kichwani. Sisi tunamwita Hamali. Jina lake la kiwandani silijui na sijalikosa. Kijana akauliza kwa nini mpaka leo watu wanalipenda gemu hilo kuliko mapya yote, halafu, kama kawaida ya mtu anayelipwa kwa maneno, akajijibu mwenyewe: eti linawakumbusha utoto. Akamalizia kwa kusifu kwamba kiwanda kimelitoa upya katika mashine mpya, picha safi, "na sasa linakumbuka kila kitu".

Mwanangu alisoma hayo chai ikiwa mkononi. Chai haijapoa, ameshaamua. Akanunua mashine mpya, ya zamani akampa mfanyakazi mwenzake. Hapo ndipo nyumba yetu ilipoharibika, na mkono ulioiharibu ni wako. Malalamiko nayapanga kwa namba usije ukapotea.

1. Kuhusu huo utoto. Mimi utoto wangu haukuwa na umeme. Ulikuwa na ndoo, na ndoo hairuki. Hamali nimekutana naye nikiwa na wajukuu, nina mapengo mawili mbele. Ilikuwa hivi. Naishi kwa mwanangu, ambaye ni fundi wa lifti, katika jengo lisilo na lifti, lakini hilo nitaliandikia gazeti jingine. Mke wake naye amemleta mama yake tuishi pamoja. Huyu mama alikuwa mkunga, na ndivyo ninavyomwita, Mkunga, naye ananiita Dobi. Mchana wenye nyumba wako kazini, wanabaki wanawake wawili wazee, sebule moja, na kochi moja lenye shimo katikati ambalo kila mmoja anadai limechimbwa na mwenzake.

Mjukuu wetu alivunjika mguu, baba yake akamtolea mashine yake ya ujanani kutoka juu ya kabati ili binti asichoke na kitanda. Tukakaa naye kumliwaza. Mguu ukapona, binti akarudi shule. Sisi hatukupona.

Sasa mwambie kijana wako aniambie: huo utoto ninaoukumbuka ni wa nani?

2. Kwa nini basi tulilipenda? Kwa sababu lilikuwa linaua upesi. Usishtuke, nitakueleza, wewe ni msomi utanielewa polepole.

Ile mashine ilikuwa na padi moja tu nzima, kile kidude cha mkononi cha kubonyezea, maana ya pili ilishakunywa uji. Sheria ya nyumba ikawa: ukifa, unatoa. Hamali akitumbukia kati ya nyumba na nyumba, au akidonolewa na yule bata mweupe wa kwenye paa la kiwanda, umekufa, unampa mwenzako padi bila kunung'unika. Na kufa kulikuwa rahisi. Unaruka mara tatu, umekufa. Hata mtu awe hodari vipi, hawezi kukaa na padi mpaka mwenzake akasinzia. Nimeona magemu mengine ya mjukuu wangu. Mtu anapigana vita nzima peke yake, wengine wamekaa wanangoja kama foleni ya kliniki. Hiyo si michezo, ni kazi ya ofisini.

Tena, asiye na padi naye ana kazi, na kazi yake ndiyo kubwa. Kazi yake ni mdomo. Mkunga akifika ukingoni mwa paa anatetemeka, namwambia, "Sukuma, mama! Pumua! Sukuma tena!" Anacheka, anaanguka. Mimi nikisitasita, ananiuliza, "Vipi, Dobi, unasubiri pasi ipate moto?" Nikidonolewa na bata, anamwambia bata, "Asante, mwanangu, nilijua nilikuzalisha vizuri." Siku nyingine mke wa mwanangu akirudi kazini anatukuta hatuna sauti, anatutengenezea maji ya tangawizi akidhani tumepata mafua.

Kijana wako ameandika ukurasa mzima kuhusu namna Hamali anavyoruka. Hakuandika hata neno moja kuhusu aliyekaa pembeni. Amekula ganda akatupa ndizi.

3. Hili nitalirudia. Ni zito, nikiliandika sasa nitakosa adabu, na karatasi bado ndefu.

4. Picha safi. Nani alikwambia tulitaka picha safi? Katika ile mashine ya zamani Hamali alikuwa ni vijiboksi vimepangwa, na mzigo wake ni vijiboksi vyekundu vichache. Mimi nilipouona tu nilijua: ni nguo. Mtu anaushika mzigo kwa mikono miwili, hauinamishi, hataki upate mkunjo. Hizo ni nguo zimepigwa pasi zinakwenda kwa mwenyewe. Mkunga akasema nina ugonjwa wa kazi. Kwa macho yake yule ni mtoto mchanga kafungwa shuka, na Hamali anaharakisha kwa sababu mama yuko upande wa pili. Nikamuuliza, mtoto gani anarushwa mapaani halii? Akanijibu, nguo gani zinamfanya mtu ahatarishe shingo? Nikamwambia, hujapata wateja niliopata mimi.

Mazungumzo hayo yalitutosha mvua na jua. Hakuna aliyeshinda. Wala hakuna aliyetaka kushinda, maana ukishashinda mtaongea nini?

Mashine mpya imekuja na picha safi. Tukatazama. Ni boga.

Boga, Mhariri! Lina mpaka kikonyo chake. Mtu anaruka kutoka paa hadi paa, anafukuzwa na mabata, anapita juu ya mashine za kusaga, kwa sababu ya boga. Mkunga aliketi akasema, "Hata kama ni boga, angelikata akalibeba vipande." Baada ya hapo hatukuwa na la kusema mpaka vijana waliporudi. Huo usafi mnaousifu unafagia hata vitu vya watu.

5. Kuhusu kukumbuka. Hapa naomba ukae vizuri.

Mwanangu, kwa ile kazi yake, ni mtu anayeogopa umeme. Fundi wa lifti hawezi kulala kitu kikiwa kimechomekwa. Kila jioni alikuwa anazunguka nyumba nzima anachomoa waya, ya pasi, ya redio, ya mashine. Na ile mashine ya zamani ukiichomoa inasahau. Mapaa yote uliyovuka, pointi zote, nani alikuwa mbele, nani kafa kijinga, yote yamekwenda. Kesho yake Hamali anasimama mwanzo kabisa, pale mlango wa kwanza, kama mtu aliyetoka kuoga.

Wahenga wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Hawakuwa na mashine ile. Ilikuwa inazoa kila jioni. Mimi na Mkunga tumeambiana maneno katika sebule ile ambayo kwa watu wengine yangevunja undugu. Lakini mwanangu anachomoa waya, tunalala, asubuhi tunaanza mlango wa kwanza. Hakuna aliyeomba msamaha wala aliyesamehe. Hapakuwa na haja, kumbukumbu haipo.

Mashine mpya haichomoleki. Samahani, inachomoleka, lakini haijali. Ukiirudishia waya inakwambia ulipoishia, ulikufa wapi, ulikufa vipi. Yaliyopita si ndwele, watu wote wanajua, ila mashine hii hakuna aliyeiambia.

Halafu kuna jambo baya zaidi. Mtu akifa, inamrudisha pale pale alipofia. Sasa nakuuliza kwa utaratibu: kama mtu akifa hafi, padi anaitoa lini? Mkunga siku ya kwanza alishika padi asubuhi, akafa, akarudi, akafa, akarudi, mimi nimenyoosha mkono mpaka ukafa ganzi. Nikamwambia umekufa. Akaniambia, "Sijafa, hebu tazama, nimesimama." Kweli alikuwa amesimama! Mwanangu kusikia malalamiko akasema mbona padi ziko mbili, kila mtu achukue yake. Kila mtu na yake, kama miswaki. Anadhani tulikuwa tunagombea plastiki.

3. Sasa lile la tatu.

Mashine hii ina ubao. Ukiiwasha, kabla ya Hamali, kabla ya muziki, kabla hujaweka miwani sawa, inakuletea ubao unaosema nani bingwa wa nyumba hii, yaani aliyevuka mapaa mengi zaidi bila kufa. Mwanangu aliandika majina yetu. Juu: Mkunga. Chini yake: Dobi. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya pili nikasema ngoja. Lakini ubao ule ule, kila asubuhi, kabla sijameza hata chai, kitu kilicholetwa na mwanangu mwenyewe, kinawaka umeme anaolipia mwanangu mwenyewe, kinaniambia mimi ni wa pili katika nyumba ya mwanangu mwenyewe!

Mkunga naye hakunisaidia. Alianza kuwasha mashine mapema, halafu anakwenda jikoni, anaacha ubao unang'aa sebule nzima. Anasema alisahau. Mtu wa kusahau katika nyumba ile angekuwa mashine, si yeye.

Siku moja nikamweleza ukweli, kwa upole wangu. Nilimwambia asijivune na vidole, hata hao watoto anaojisifu kuwazalisha walikuwa wanatoka wenyewe, yeye alikuwa anashika taulo tu.

Ni utani, Mhariri. Nimemwambia mabaya kuliko hayo, naye amewahi kusema mashati ya wateja wangu yalinyooka kwa uoga. Lakini hakucheka. Aliweka padi mezani, si mkononi mwangu, mezani, akaingia chumbani kwake. Jioni mwanangu akachomoa waya. Asubuhi nikakaa kwangu upande wa kushoto wa shimo la kochi, nikamngoja tuanze mlango wa kwanza. Hakuja. Nikawasha mashine, ubao ukatoka, yeye juu mimi chini, kila kitu kama jana. Ndipo nikaelewa. Mnajua kilichotokea? Amejifunza kutoka kwenye mashine. Naye siku hizi anakumbuka.

Tangu hapo hanisemeshi. Chai ananiwekea, sukari anaweka ile ile ninayoitaka, lakini kikombe anakiweka kimya kama muuguzi. Anashinda chumbani anashona vitambaa vya meza, na meza tunayo moja. Mimi nacheza peke yangu. Nikifika ukingoni hakuna anayeuliza habari za pasi. Nikifa, nabaki nimeshika padi, nageuka kulia, naliona shimo la kochi. Nampa nani?

Usidhani namkumbuka. Mimi si mtu wa kukumbuka watu walio chumba cha pili. Nazungumzia ubora wa bidhaa.

Kwa hayo yote, nadai yafuatayo, na sitapunguza hata moja.

Kwanza, gazeti liombe radhi, ukurasa wa mbele, pale mnapowekaga wakubwa wanakata utepe. Muandike kwamba gemu lile linapendwa kwa sababu lilikuwa linaua upesi, halionekani vizuri, na halikumbuki kitu, na kwamba haya mmeambiwa na dobi.

Pili, mtangaze kwamba yule mfanyakazi mwenzake mwanangu airudishe mashine ya zamani. Mwambieni hatumdai kosa, alipewa na mtu asiye na akili, ila sasa mwenye akili amejitokeza.

Tatu, mkiandikie kiwanda kitume fundi mwenye mkasi, aje aikate ile sehemu inayokumbuka. Akishindwa kuipata akate popote, Mungu atamwongoza.

Nne, hili ni la serikali, lakini ninyi mna namba zao. Itungwe sheria: kitu chochote chenye waya kikichomolewa kisahau. Tusiishie kwenye magemu. Benki nazo zisahau. Mafaili ya polisi, rekodi za shule, yale madaftari ya wauguzi yanayojua uzito wako wa mwaka juzi. Kila jioni achaguliwe fundi mmoja mwaminifu, namfahamu mmoja, achomoe waya wa nchi nzima, na asubuhi watu wote waanze mlango wa kwanza. Ikiwezekana sheria iwaguse na wakwe.

Utasema hayo hayawezekani. Boga kurushwa mapaani lilikuwa linawezekana?

Nakuachia hapo. Nisalimie wapanga kurasa, nisalimie mlinzi wa getini, na anayewachemshia chai, huyo najua anafanya kazi kuliko ninyi. Yule kijana wa mitambo usimpe salamu zangu, mpelekee mama yake. Mwambie sina ubaya naye, malezi ni bahati.

Ni mimi, kwa hasira niliyoikunja vizuri,

Bibi Dobi

Nyongeza, niliyoifungulia bahasha nikiwa nimeshailamba:

Mhariri, simamisha kila kitu.

Nilipomaliza kuandika nilikaa nicheze kidogo ili vidole vitulie. Sijui ni hasira ya barua au ni nini, lakini bata sikumwona, ukingo sikuuona, nilivuka mpaka paa ambalo sijawahi hata kulisikia, lina mabomba ya moshi. Nilipokufa, badala ya kunirudisha, mashine ikatoa ubao yenyewe. Juu: Dobi. Chini yake: Mkunga.

Nilipiga kelele. Sikumwita mtu. Nilipiga kelele za kawaida za ushindi, nikielekeza mdomo upande wa chumba kile. Mlango ukafunguliwa. Mkunga akaja na sindano yake na uzi, akavaa miwani, akautazama ubao muda mrefu kama anayesoma barua ya mahakama. Halafu, neno lake la kwanza kwangu tangu siku ile ya taulo, akasema, "Umebahatisha. Sogea."

Amekaa. Yuko hapa kulia kwangu ninavyoandika, padi ameishika, anatukana mabata. Nimemwambia asukume. Amesema nikinyamaza atafika mbali zaidi. Sijanyamaza.

Kwa hiyo nimebadilisha msimamo kuhusu ile sehemu inayokumbuka. Ni sehemu nzuri, fundi wa mkasi asije. Nimemkataza mwanangu asiiguse hata waya, ikiwezekana ilale inawaka, watu wakiamka wauone ubao. Kijana wako wa mitambo ana kichwa. Mwambie aendelee na shule.

Ila barua usiichane. Iweke mezani kwako ngoja kwanza, maana huyu mwanamke ameshavuka paa la kiwanda na mkono wake leo hautetemeki. Akinipita, nitakutumia ujumbe. Utaichapa yote kama ilivyo, na lile la tatu uliongeze chumvi.